Soksi ya shule ilikuwa na joto: binti yangu wa kidato cha pili ana simu ambayo sikumnunulia

#1 Mama Kinyerezi
Habari za usiku wakuu.

Jana nilikuwa nakusanya nguo za shule nizifue kabla maji hayajakatika. Kwenye fungu la soksi nyeupe, moja ilikuwa na joto. Kuipapasa, simu. Simu janja ndogo, kioo kimepasuka kona, chaji asilimia 9. Ikatetemeka mkononi mwangu, meseji imeingia: "Umeshakula?"

Binti ana miaka 14, yuko shule ya kutwa. Mimi na baba yake tulishakubaliana hakuna simu mpaka amalize kidato cha nne, na mwaka jana alipoomba tulimkatalia mbele ya shangazi yake. Nimemuuliza kaipata wapi, kalia karibu saa nzima, ndipo akasema kapewa na kijana wa bodaboda anayempeleka shule. Bodaboda ambaye tunamlipa wenyewe kwa wiki, kwa sababu mimi natoka nyumbani saa 11 alfajiri kuwahi kazini Chang'ombe na baba yake kazi yake iko mikoani.

Nimesoma meseji zote. Hakuna matusi wala picha mbaya. Kuna "umeshakula", kuna "usimwambie mama atakunyang'anya", kuna "nikuwekee bando?" Hilo la bando ndilo limeninyima usingizi. Analiweka kila siku.

Sasa najiuliza, nilikosea kumkatalia? Ningemnunulia mimi, angekuwa na haja gani ya kupokea ya mtu? Mume wangu anasema kinyume: tungempa, wangemfuata wengi kuliko huyo mmoja. Naomba maoni ya wenye vijana wa miaka 13 mpaka 17, hasa wa hapa Dar.

#2 Mzee wa Magomeni
Pole sana binti yangu. Hukukosea. Nimelea watoto sita na hakuna aliyeshika simu yake kabla ya kumaliza shule, na wote wana kazi zao leo. Simu ni pesa, simu ni mlango, simu ni sinema. Mtoto wa miaka 14 hapewi funguo za vitu vitatu kwa mpigo.

#3 Dogo wa Sinza
Mzee shikamoo. Ila watoto wako sita walisoma miaka gani? Maana simu zenyewe zilikuwa za mkonga.

Mama, mimi nina miaka 21, nimemaliza juzi tu. Darasani kwetu tulikuwa 60 na kitu, wasiokuwa na simu ungewahesabu kwa vidole. Mtoto akikosa anaazima, akikosa wa kumwazima anapokea ya yeyote. Hilo ndilo limetokea kwako.

#4 Mzee wa Magomeni
@Dogo wa Sinza marahaba. Wa mwisho kamaliza 2014, na simu janja zilikuwepo. Hesabu vizuri.

#5 Kifungu kwa Kifungu
Mama Kinyerezi, kabla ya mjadala wa malezi kuna mambo ya kufanya kesho asubuhi.

Usifute meseji hata moja, na usimrudishie huyo kijana simu. Mpigie 116, ni namba ya huduma kwa mtoto na ni bure, au nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Mtu mzima anayempa mtoto kitu na kumwambia afiche kwa mama yake anastahili kuulizwa maswali, hata kama lugha yake ni ya adabu.

Halafu hiyo laini ni ya jina la nani? Kitambulisho cha NIDA mtu anapata akifika miaka 18, kwa hiyo laini yoyote iliyo mkononi mwa mtoto ipo kwa jina la mtu mzima fulani.

#6 Dogo wa Sinza
Si abonyeze *106# ajue ni ya nani?

#7 Kifungu kwa Kifungu
Hapana. *106# inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako wewe, haikuambii ya jirani. Njia rahisi: fanya kama unaitumia ile namba 1,000 kwa simu. Kama ina akaunti ya pesa, jina litatokea kabla hujathibitisha. Lisome, andika pembeni, kisha usiendelee.

#8 Boda wa Rangi Tatu
Mimi ni bodaboda, miaka tisa barabarani. Nimesoma hii mada nikiwa kijiweni na nimeona aibu kama vile ni mimi.

Wengi wetu tunabeba watoto kwa uaminifu. Nina watoto watano wa asubuhi, na namba nilizonazo ni za wazazi tu. Nikifika shule napiga kwa mama: "kaingia getini". Mtoto akiniomba simu apige, nampigia mama yake mwenyewe mbele yake. Lakini nisifiche: huyo kijana kijiweni kwake wanajua. Mtu hawezi kununua bando la kila siku kwa namba moja wenzake wasijue. Nenda kamuone mwenyekiti wa kijiwe, siyo kijana peke yake. Na usiende na mumeo akiwa na hasira, mtaharibu ushahidi.

#9 Mama Kinyerezi
Asanteni. @Boda wa Rangi Tatu ubarikiwe. Leo binti kapanda daladala na mtoto wa jirani.

Nimejaribu ule utaratibu wa #7. Limetokea jina la mwanamke. Silijui, binti halijui, mtaani hatuna mtu wa jina hilo.

#10 Boda wa Rangi Tatu
Inaweza kuwa mama yake au dada yake. Inaweza pia kuwa laini aliyouziwa mtaani ikiwa imeshasajiliwa kwa jina la mtu ambaye hata habari hana. Zipo.

#11 Fundi wa Aggrey
Natengeneza simu Kariakoo. Vioo, chaji, programu. Wazazi wananiletea simu za watoto wananiambia "nifungulie nione". Mimi siifungui mtoto asipokuwepo, huo ni utaratibu wangu. Lakini wacha niseme ninayoyaona mezani, maana mama kasoma meseji "zote" na hapo nina wasiwasi.

WhatsApp ina meseji zinazojifuta zenyewe: baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, mtu anachagua. Kuna picha ya kuangalia mara moja tu, ukiifunga imeenda. Tangu 2023 kuna kufunga mazungumzo: mtu mmoja anatoka kwenye orodha ya kawaida na kuingia chumba cha pembeni kinachotaka alama ya kidole au namba ya siri. Juu ya hayo kuna programu zinazofanana kabisa na kikokotoo. Ukibonyeza saba kujumlisha nane inakupa kumi na tano, lakini ukiingiza namba fulani zinafunguka picha. Simu ikiwa na vikokotoo viwili, uliza cha pili ni cha nini.

Kwa hiyo dada, ulichosoma ni kile kilichobaki.

#12 Mama Kinyerezi
@Fundi wa Aggrey nimeangalia. Kikokotoo ni kimoja. Lakini kwa yule mtu kumewashwa kujifuta kwa saa 24. Kumbe nilisoma siku moja tu.

#13 Mwalimu wa Zamu
Nafundisha sekondari hapa Dar. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na bado kila wiki tunakamata. Nimewahi kukuta simu ndani ya boflo iliyochimbwa katikati na kufunikwa na ganda lake lenyewe. Aliyeileta alikuwa wa kwanza darasani kwenye Fizikia.

Tangu 2020 mambo yamebadilika. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa ajili ya korona, kidato cha sita wakarudi tarehe 1 Juni, wengine tarehe 29 Juni. Miezi ile walimu tulituma kazi kwenye magrupu ya wazazi. Mzazi akimaliza kazi zake saa 3 usiku anampa mtoto simu anakili maswali. Shule zikafunguliwa, mtoto hakuirudisha simu na sisi hatukuacha kutuma kazi. Mpaka leo likizo ikianza kazi zinaingia kwenye grupu, na mzazi mwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, hazioni. Tunapiga marufuku simu getini, huku tunamlazimisha mtoto awe nayo nyumbani. Hilo ni letu walimu, nalikubali.

Vitabu vya kiada navyo vimo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu. Mtoto anayejua njia ya kufika huko anasoma.

Ninachokiona mimi ni usiku. Mtoto wa simu chumbani namjua kipindi cha kwanza: macho mekundu, kichwa mezani, ukimgusa anaruka. Simu hiyo hiyo ikilala sebuleni, tofauti inaonekana ndani ya wiki mbili.

#14 Baba wa Kimara
Nchi zilizoendelea wameshaona. Australia wamepiga marufuku simu kwa watoto chini ya miaka 16. Sisi tunajadili nini?

#15 Kifungu kwa Kifungu
Siyo simu. Walichozuia ni akaunti za mitandao ya kijamii kwa walio chini ya miaka 16. Sheria ilipitishwa Novemba 2024 ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Faini, hadi dola milioni 49.5 za kwao, inaenda kwa kampuni inayoshindwa kuwazuia, haiendi kwa mtoto wala mzazi. Mtoto wa kule anaweza kuwa na simu. Ufaransa ndiyo waliozuia kutumia simu shuleni, mwaka 2018, kwa wanafunzi wa hadi miaka 15 hivi.

#16 Baba wa Kimara
Nashukuru kwa masahihisho. Hoja yangu iko pale pale: hizi programu zimetengenezwa zisiachike. Mwanangu anavuta video, moja ikiisha nyingine imeshaanza kabla hajafikiria. Mimi mtu mzima zinanishinda, yeye ataziweza kwa akili gani? Na WhatsApp yenyewe si ni miaka 18?

#17 Fundi wa Aggrey
Ni 13. Ulaya ilikuwa 16, wakashusha hadi 13 mwezi Aprili 2024. TikTok nayo 13. Tatizo mwaka wa kuzaliwa anaandika mwenyewe. Mezani kwangu watoto wote wamezaliwa 1998.

#18 Mama wa Kigamboni
Salaam. Niongeze upande ambao sijauona.

Mwanangu ana miaka 15 na hasikii tangu utotoni. Kwa miaka mingi alikuwa akitoka nje ya geti ameshapotea kwangu: siwezi kumwita, siwezi kumpigia. Alipofika darasa la saba nilimnunulia simu, ndugu wakanisema sana. Sasa tunapigiana kwa video na anaongea nami kwa mikono. Yuko kwenye pantoni ananionyesha maji, ananiuliza anunue samaki gani. Wenzake wa shuleni ambao zamani alikuwa akiwaona muhula kwa muhula, jioni wako sita kwenye kioo kimoja wanacheka bila sauti.

Kwa hiyo nikisoma "simu ni mlango", ni kweli mzee wangu. Kwetu mlango huo ulikuwa umefungwa miaka 12.

#19 Mzee wa Magomeni
Mama wa Kigamboni umenigusa, na kwa mwanao ningenunua mimi mwenyewe. Lakini hiyo ni haja. Wangapi humu wanaweza kuitaja haja ya mtoto wao kwa uwazi kama ulivyoitaja wewe? Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi sikuwahi kuupenda msemo huo, maana kidonda mtoto hakiuguzi peke yake.

#20 Dogo wa Sinza
Hapo ndipo tunapopishana mzee wangu. Wembe hajapewa na mama. Kapewa na mtu wa nje na akaambiwa auficheni kwenye soksi. Akikatika atamwonyesha nani?

#21 Baba wa Kimara
"Aufiche", dogo. Simu zimekunyang'anya na Kiswahili.

#22 Dogo wa Sinza
Kidole kimeteleza mshua, haraka haraka.

#23 Binti wa Tandika
Nimeingia kwa ajili ya uzi huu tu. Nina miaka 19.

Kwetu kaka yangu alipewa simu akiwa na miaka 14, mimi nikaambiwa msichana akiwa na simu ataharibika. Kaka alikuwa akikesha anabeti kwa kitambulisho cha rafiki yake, wakati kubeti ni kuanzia miaka 18, na hakuna aliyemuuliza. Mimi nikapewa ya siri na mtu wa mtaani, kama huyu binti. Sikuwa nampenda yule mtu. Nilipenda kujua wenzangu wanaongea nini jioni. Kesho yake darasani wanacheka jambo, wewe hulijui, unacheka tu ili usionekane.

Kilichoniumiza ni deni. Bando la shilingi 500, kesho 500, halafu anakuambia "mimi nakufanyia yote haya, wewe hata kuja kunisalimia huwezi?" Unajiona mwizi. Namshukuru Mungu nilimwambia mama mdogo kabla sijaenda. Hakunipiga. Alichukua ile simu akampelekea yule mtu mbele ya mke wake, akampa na pesa ya bando zote tulizohesabu.

Mama Kinyerezi, tafadhali usimwite mwongo. Na mwulize kama anadaiwa.

#24 Mama Kinyerezi
Binti wa Tandika, mwanangu, nimelia hapa kazini. Nitamuuliza leo.

#25 Mwalimu wa Zamu
#23 inafanana na nilichosoma kwenye ripoti ya UNICEF, ECPAT na INTERPOL kuhusu Tanzania ya 2022. Walikadiria kwamba ndani ya mwaka mmoja, asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa unyanyasaji mkubwa wa kingono kupitia mtandao, kama watoto 200,000. Tukisikia mtandao tunawaza mtu wa mbali. Hapa kwenye uzi wote ni watu wa mtaani.

#26 Baba wa Kimara
Basi tatizo siyo simu, ni Dar. Natoka Kimara asubuhi giza, narudi giza, mwendokasi umejaa hata pa kuweka mguu hamna. Mtoto anarudi shule saa 9, mimi saa 3 usiku. Masaa sita yuko na nani? Zamani jirani angemchapa mtoto wangu nikamshukuru. Leo nimepanga nyumba yenye geti, jirani simjui jina.

#27 Mzee wa Magomeni
Geti umeliweka mwenyewe.

#28 Baba wa Kimara
Kweli mzee. Wezi nao wapo.

#29 Fundi wa Aggrey
Kwa walioniuliza faragha: simu za Android zina Family Link ya Google, ni bure. Unaweka akaunti ya mtoto, wewe unaruhusu kila programu kabla haijaingia, unapanga saa ya simu kujifunga usiku. Inasaidia. Lakini mtoto akiwa na simu ya pili kwenye soksi, unachunga zizi lisilo na ng'ombe.

Kitochi nauza, hakifiki 40,000, chaji inakaa siku nne. Anayetaka aje, bei ni hiyo hiyo.

#30 Dogo wa Sinza
Fundi siku nne! Kile ulichomuuzia mjomba wangu kinakaa mbili.

#31 Fundi wa Aggrey
Mjomba wako anawasha tochi usiku kucha. Mlete.

#32 Mama Kinyerezi
Narudisha mrejesho, niliahidi.

Nimemuuliza kama anadaiwa. Akanyamaza, kisha akaleta daftari la Jiografia. Nyuma kabisa kaandika kwa penseli: tarehe, 500, tarehe, 500, tarehe, 1,000. Jumla 23,500. Alikuwa anaweka akiba ya nauli ili amlipe. Ndiyo maana alikuwa anarudi kwa miguu siku nyingine, na mimi nikimgombeza kwa kuchelewa.

Dawati tumeenda, askari wa kike katusikiliza vizuri, simu na daftari vimebaki kule. Kijana kijiweni haonekani siku ya tatu. Mwenyekiti wa kijiwe anasema hakujua. Mwenzake mmoja pembeni akaangalia chini.

Na baba yake bado hatujaelewana. Yeye anataka binti aende bweni Januari, anasema huko hakuna bodaboda. Nimemsomea ile ya boflo ya Mwalimu, kakata simu. Mimi nimenunua kitochi, laini kwa jina langu, kinakaa nyumbani juu ya kabati la vyombo, kwa ajili ya zile saa anazokuwa peke yake. Simu janja bado sijui. Nikimsoma Binti wa Tandika nataka kumpa kesho, nikimsoma Fundi naghairi.

Leo saa 10 na nusu jioni nikiwa bado kazini nilimwandikia: "Umeshakula?" Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza saa hizo, maana hakukuwa na pa kumuulizia. Akajibu baada ya dakika mbili: "Bado. Mama unarudi saa ngapi?"

Niko Tazara, gari haijasogea tangu saa 12.